Mtakatifu Lusia na Fundi wa Vichwa vya Simba

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za ofisi. Nikapewa keki, hotuba na saa ya ukutani, zawadi ya busara kweli kwa mtu ambaye ndiyo kwanza ameruhusiwa kutotazama saa. Keki ilipokwisha, nyinyi vijana wa kaunta mkanizunguka mkataka niwaandikie kazi ilivyokuwa zamani, Guangzhou ile ya China ya mwishoni mwa miaka ya tisini, kabla mtaa wa Xiaobei haujajaa watu wetu. Nimekubali. Vyeo nitaviruka, maana nilipopandishwa cheo kilichobadilika ni kiti tu, na kile cha zamani kilikuwa kizuri zaidi. Nitawaeleza nilivyoanza, halafu nitawaeleza juu ya mzigo mmoja ambao kila nikiukumbuka nacheka kwanza, kisha nanyamaza.

Wengi wenu mnadhani nilizaliwa nikijua bei za mabeseni. La. Mimi nimesomea historia ya sanaa ya Puglia. Msione haya kuuliza ni wapi. Mama yangu mzazi alikuwa akiwaambia majirani kwamba nipo Bulgaria. Puglia ni mkoa wa kusini kabisa mwa Italia, kile kisigino cha kiatu mnachokiona kwenye ramani. Ofisi moja ya mambo ya kale kwetu Unguja ilitaka mtu wa kusomea uhifadhi wa mawe ya chokaa, kwa kuwa nyumba zetu za mjini ni za chokaa na zilikuwa zikianguka bila kusubiri wataalamu. Nikapelekwa mji wa Lecce. Jiwe la huko ni laini likitoka ardhini, unaweza kulichonga kwa kisu, na kwa sababu hiyo mafundi wa zamani hawakujua kuacha. Kuta za mbele za makanisa zimejaa malaika, makomamanga, mazimwi na mashada ya maua, mpaka ukuta wenyewe huuoni.

Basi nilipelekwa kusomea mawe, nikaangukia kwenye karatasi. Nyuma ya kanisa kubwa palikuwa na karakana ya mama mmoja mtu mzima, Bibi Addolorata, mfupi, mvuta sigara, mwenye sauti ya mpiga mnada. Kazi yake ilikuwa kutengeneza watakatifu wa karatasi. Puglia haikuwa na marumaru ya kutosha, mbao nzuri zilikuwa ghali, na mapadre walitaka sanamu kubwa ambazo wanaume wachache wangeweza kuzibeba mabegani siku ya maandamano. Jibu likatoka kwa mafundi maskini, na wengi wao, niaminini, walikuwa vinyozi waliokanda karatasi huku wakisubiri wateja wa kunyolewa. Nyasi kavu na waya ndiyo mifupa. Karatasi zilizolowekwa kwenye gundi ya unga ndiyo nyama. Kichwa na mikono ni vya udongo wa kuchoma, na macho ni ya kioo. Mwisho fundi hutia vyuma motoni mpaka viwe vyekundu, akaikandamiza karatasi navyo. Karatasi huungua juu juu na kukaza, na mikunjo ya nguo husimama kama ya kitambaa cha kweli.

Siku ya kwanza Bibi Addolorata aliutazama mtandio wangu kwa muda.

"Wewe ni Mwislamu?"

"Ndiyo."

"Sasa utafanya nini na watakatifu?"

"Nitajifunza kuwatengeneza."

Akavuta sigara yake. "Sawa. Wakristo wangu wote wamekataa kujifunza."

Nilitoka pale nikiwa, nadhani, Mzanzibari pekee aliyeweza kumtambua mtakatifu kwa kifaa alichouawa nacho. Niliporudi nyumbani, ofisi iliyonipeleka ilikuwa imeunganishwa na nyingine, na juu ya meza yangu palikuwa na mashine ya fotokopi. Ilikuwa haifanyi kazi, lakini ilikuwa imetangulia.

Kaka yangu Suleiman, aliyekuwa akinunua nguo Guangzhou, akanihurumia akaniita. Ndiyo nikafika kwa Bwana Shaaban, mtu wa Mombasa, mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo katika chumba kimoja cha ghorofani Xiaobei, juu ya mkahawa wa tambi. Alinisikiliza nikimweleza elimu yangu yote, kisha akauliza kama najua kubeba sampuli. Asubuhi yake tukaenda Zhanqian, kwenye yale majumba ya nguo za jumla karibu na stesheni ya treni, na njiani akanifundisha maneno mawili: *laoban*, yaani bosi, na *mei you*, yaani hakuna. "La kwanza utawaambia wao," akasema, "la pili watakwambia wao. Umeshahitimu." Kichina changu chote kilichofuata nilikiokota sokoni, ndiyo maana mpaka leo najua kugombana vizuri kuliko kusalimia.

Mengine alinifundisha kwa vitendo. Beseni la plastiki lisugue kwa kidole gumba kisha unuse; likinuka mafuta ya taa limetoka kwenye taka. Suruali igeuze ndani nje kabla ya kuangalia rangi. Sampuli ya kwanza usiirudishe kiwandani, kaa nayo, kwa sababu mzigo utakaokuja utakuwa ndugu yake wa mbali. Na ukiwa mkalimani, mteja akitukana, tafsiri bei. Kwa ushauri huu wa mwisho nimeokoa urafiki mwingi kati ya mataifa.

Sasa huo mzigo.

Mama Yustina alikuwa mfanyabiashara wa vyombo vya plastiki kutoka Iringa, mwanamke mpana, mcheshi, aliyekuja Guangzhou safari moja tu kabla ya hiyo ninayoisema. Asubuhi moja aliingia ofisini kaukumbatia mkoba kifuani badala ya kuutundika begani.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango."

Nikafunga. Akaweka mkoba juu ya meza, akafungua khanga moja, akafungua ya pili, na kichwa cha mwanamke kikatutazama. Bwana Shaaban alisimama na kujikinga kwa Mwenyezi Mungu kwa sauti kubwa. Mimi nilikaa chini. Uso ulikuwa wa udongo, mwembamba, mashavu yamepakwa wekundu hafifu kama wa mtu aliyetoka kupanda ngazi, na macho ya kioo yaliyotiwa kwa nyuma. Kando yake palikuwa na mikono miwili, mmoja ukiwa umeshika kisahani kitupu.

"Huyu anatoka Lecce," nikasema.

"Huyu anatoka parokiani kwetu," akasema Mama Yustina. "Ni Mtakatifu Lusia."

Mtakatifu Lusia ndiye anayeombwa na wenye matatizo ya macho, na kule kusini mwa Italia huchorwa amebeba macho mawili kwenye sahani. Huyu aliletwa Iringa na padre wa Kiitaliano zamani, Mama Yustina mwenyewe akiwa mtoto. Sasa mchwa wamemla mwili, akaeleza, kikabaki kichwa na mikono. Alitaka atengenezewe mwili mpya kabla ya sikukuu yake ya Desemba.

Nilikigeuza kichwa kutazama shingoni. Mabaki ya karatasi yalikuwa yamevimba yakakauka kama ukoko wa uji, nayo yalinukia vizuri sana.

"Mama," nikasema, "mchwa wa kwenu wanatumia sabuni ya unga?"

Alinitazama. Kisha akavuta kiti, akakaa, akajifunika uso kwa ile khanga.

"Nimemwosha, mwanangu," akasema.

Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa parokia, na katika kujiandaa kwa sherehe ya kanisa aliona aibu kwamba mtakatifu wao amejaa vumbi na masizi ya mishumaa. Akamtoa uani, akachukua ndoo, brashi na sabuni. "Kwanza ukatoka uchafu, nikafurahi. Halafu ikatoka rangi, nikadhani bado ni uchafu. Nikazidi kusugua. Mara kidole kikazama begani." Alinyoosha kidole chenyewe nikione. "Mwanangu, mtakatifu aliniyeyukia mikononi. Nilikuwa namshika huku anaanguka kule. Mwisho likabaki fungu la nyasi limesimama."

Walioona walikuwa akina mama wawili tu, kwa hiyo ilijua parokia nzima. Wakampa jina la Mama Dobi. Uenyekiti akauacha kabla hajanyang'anywa. Padre wa sasa, kijana wa hukohuko, hakumgombeza, na kule kunyamaza kwake kulimtesa kuliko matusi. Ndipo akasimama kanisani akatangaza kwamba atampeleka mtakatifu Italia, kwa mafundi wenyewe, kwa gharama yake.

"Italia?" nikauliza.

"Visa wamenikataa. Ya huku ninayo." Akafuta macho. "Na huku si wanatengeneza kila kitu?"

Bwana Shaaban, ambaye muda wote alikuwa anajifanya kusoma gazeti, aliniambia pembeni kwamba hapa hatuuzi historia, tunasafirisha mabeseni. Lakini kesho yake alinipa siku nzima ya kutembea na mama yule, na hakuitaja tena.

Tulianza kwa bosi mmoja niliyemfahamu, aliyekuwa na kiwanda cha sanamu za kumimina, malaika wa bustani na mabudha wanene wa kuweka dukani. Alikitazama kichwa akasema rahisi sana, oda ya chini ni mia tano. Nikamweleza kwamba mtakatifu huyu yuko mmoja. Akasema hakuna shida, atatufanyia mia tano na sisi tutachagua mmoja. Tulibishana mpaka akakubali kutoa sampuli bure, kwa matumaini kwamba Tanzania ina parokia nyingi. Sampuli ilipokuja ilikuwa na nywele za njano, kiuno cha mwanasesere na tabasamu la meno. Kwenye sahani palikuwa na mayai mawili ya kukaanga.

"Yale macho uliyonieleza yanatisha," bosi akaeleza. "Wateja watapenda mayai."

Mama Yustina aliizunguka sampuli polepole. "Mwambie huyu ni mhudumu wa hoteli," akasema. Nilitafsiri kwamba rangi haijakaa sawa.

Wiki ile akaanza kuzungumza habari ya kurudi nyumbani bila kitu. Hakulia tena, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Alinunua ndoo na majagi kwa sauti ya chini, bila kuteta bei. Mtu wa Iringa asiyeteta bei ni mgonjwa. Siku moja nilikuwa Yide Lu, mtaa wa soko la vifaa na mapambo, nikimtafutia mteja mwingine daftari na kalamu za rangi, na juu ya mlango wa duka moja kilikuwa kimening'inia kichwa kikubwa cha simba, wale simba wa ngoma ya Kichina ambao vijana wawili huingia ndani yake wakacheza. Nilikigonga kwa kidole bila kufikiri. Kilitoa mlio ule ule wa karakana ya Bibi Addolorata, mlio mkavu na wa kina, wa karatasi iliyobebana na karatasi. Nikamwuliza mwenye duka nani amekitengeneza. Akanionyesha kichochoro nyuma ya soko, na kesho yake nikaenda huko na Mama Yustina.

Fundi Luo alikuwa mzee mkonde mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Tulimkuta amekaa katikati ya mifupa ya mianzi, na mkewe kando yake akibandika vipande vya karatasi kwenye shavu la simba. Kimandarini chake, yaani Kichina cha serikali, kilikuwa kibovu kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri. Nilimweleza tunachotaka. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Watu sitengenezi. Natengeneza simba."

"Kwa nini?"

"Watu wa karatasi ni wa maiti." Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto: kwao mtu akifa hutengenezewa watumishi wa karatasi, nyumba za karatasi, hata magari ya karatasi, vikachomwa ili avikute huko aendako. Kuna mafundi wake. Yeye si mmoja wao, na hataki mtu wa karatasi asimame nyumbani kwake.

Nilimtafsiria Mama Yustina. "Mwambie huyu hachomwi," akasema. "Huyu anabebwa."

"Anabebwa kwenda wapi?" akauliza Luo.

"Anazungushwa mtaani, halafu anarudishwa ndani."

Luo akafikiri. "Kama simba," akasema, lakini bado akatikisa kichwa.

Hapo mkewe akanyoosha mkono. Ndipo nilipoona kwamba macho yake yote mawili yamefunikwa na weupe. Daktari alikuwa amechelewa kwake, au yeye ndiye aliyechelewa kwa daktari. Kila mmoja pale nyumbani alikuwa na hadithi yake. Alikuwa akibandika karatasi kwa kupapasa. Mama Yustina akampa kichwa. Yule mama alipitisha vidole kwenye paji la uso, puani, kwenye midomo, akatua kwenye macho ya kioo.

"Ni nani?"

"Ni mwanamke anayeombwa na watu wenye maradhi ya macho," nikasema.

"Anaponya?"

Fikirini nilivyokuwa: Mwislamu, nimeulizwa na mama anayefukiza udi kwa mababu zake, juu ya mtakatifu wa Wakatoliki. Nikamsukumia swali mwenye mtakatifu.

Mama Yustina alimgeukia yule mama. "Mwambie huwa tunamwomba," akasema. "Kujibu ni shauri lake."

Mke wa Luo alicheka, akamrudishia kichwa. Akamgeukia mumewe akasema maneno machache ya Kikantoni, lugha ya kwao, ambayo sikuyaelewa. Luo alinyanyuka akaanza kukata waya.

Wiki zilizofuata zilikuwa bora kuliko zote nilizofanya kazi, na hazikuingia kwenye ripoti yoyote. Nilikuwa nikimaliza mizigo ya watu nakimbilia kichochoroni. Luo alitaka kutumia mianzi, mimi nikataka nyasi. Tukakubaliana mianzi kiunoni na nyasi kwenye mabega. Kuhusu gundi hatukubishana: unga ni unga. Alipouliza nguo ya mtakatifu inaangukaje, nilikosa picha ya kumwonyesha, basi Mama Yustina akaitoa khanga yake akalivisha fungu la nyasi. Luo aliichora mikunjo ile ile. Kwa hiyo mwili ule ulifuata mtindo wa Puglia tangu vidoleni mpaka mabegani, na kuanzia kiunoni kushuka chini ulikuwa wa Iringa.

Ugomvi ulikuja kwenye vyuma. Nilipomwambia sasa tutavitia motoni kisha tumguse navyo mtakatifu, Luo aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Maisha yangu yote," akasema, "nimekaa na karatasi mbali na moto. Wewe umesomea ng'ambo kuja kuniambia niichome?"

Nikamwomba kipande kibovu, nikapasha chuma kwenye jiko lake la makaa, nikakandamiza. Moshi ulipanda, karatasi ikawa ya kahawia, ikakunjamana kidogo, ikakaza kama ngozi. Luo alikigusa. Akakinusa. Akanipokonya chuma, na tangu dakika ile hakunirudishia tena. Mkewe alikaa mbele ya sanamu akipapasa kila mkunjo uliopoa na kumwelekeza mumewe: hapa bado, hapa pametosha, hapa umempa goti la mwanamume.

Tukisubiri tabaka likauke niliwasimulia habari za Puglia, kwa kuwa hakuna mwingine Guangzhou aliyewahi kukubali kuzisikiliza. Niliwaambia juu ya vikanisa vya mapangoni ambamo watawa wa Kigiriki walichora nyuso za watakatifu kwenye mwamba mtupu. Niliwaambia juu ya kanisa la Otranto, pembeni kabisa ya mkoa ule, ambalo sakafu yake yote ni mchoro wa vijiwe: mti mkubwa umeota toka mlangoni mpaka madhabahuni, ukiwa umesimama juu ya migongo ya tembo wawili. "Na mtawa aliyeuchora," nikasema, "inaelekea hajawahi kumwona tembo."

"Mimi pia sijawahi kumwona simba," akasema Luo.

Mama Yustina alipotafsiriwa aliviangalia vichwa vyote vilivyoning'inia, vyekundu, vya kijani, vyenye ndevu nyeupe na kengele. "Kwetu wapo," akasema. "Mwambie hawafanani, lakini hawa wake wana adabu zaidi."

Tulipofika kwenye sahani, macho ya zamani yalikuwa yameyeyuka pamoja na mwili. Luo alitengeneza mapya kwa namna anayoijua: makubwa, ya duara, yamezungushiwa nyusi za manyoya. Mama Yustina aliyacheka mpaka akashika ukuta. Yakapunguzwa, yakanyolewa nyusi, yakapakwa rangi nyeupe. Mboni hazikuwekwa. Luo akaleta brashi mpya na wino mwekundu, akamkabidhi Mama Yustina kwa mikono miwili.

Nikamweleza. Kwao kichwa cha simba ni karatasi tu mpaka macho yatiwe nukta, na anayetia nukta ni mgeni wa heshima. Ndipo simba anaamka.

Mama Yustina alishusha brashi. "Mwanangu, huu si ushirikina?"

"Ni rangi, mama."

"Wewe unasema rangi. Wao wanasema nini?"

Nikawauliza. Mke wa Luo ndiye aliyejibu. "Mwambie anisaidie kuangalia kama zimekaa sawa," akasema. "Mimi siwezi."

Mama Yustina alifanya ishara ya msalaba, akainama, akatia nukta ya kwanza, kisha ya pili. Alipomaliza aliuchukua mkono wa yule mama, akausogeza polepole juu ya sahani bila kuugusa wino, akamwambia kwa Kiswahili, bila kunisubiri, "Hapa moja. Na hapa moja. Zimekaa sawa."

Ofisini Bwana Shaaban alipaswa kujaza karatasi za forodha, akaniuliza amwandike nini, msafiri? Akaandika pambo la karatasi. Mtakatifu Lusia alisafiri ndani ya sanduku la mbao kati ya mabeseni na majagi, na Mama Yustina akaondoka kwa ndege akiwa na maneno ya Italia tayari mdomoni. Alikuwa ameyafanyia mazoezi mbele yangu: fundi ni fulani, mji ni Lecce, hali ya hewa ilikuwa ya baridi. Nilimsahihishia matamshi.

Siku ya sikukuu tulikuwa tumepanga nimpigie simu. Ofisi ya parokia ilikuwa na simu, na dirisha lake lilitazama uwanja wa kanisa. Nilimchukua Luo na mkewe hadi kwenye kibanda cha simu mtaa wa Dengfeng. Huku ilikuwa alasiri, kule misa ya asubuhi ndiyo kwanza imekwisha. Simu iliita mara moja tu ikapokewa.

"Mwanangu! Nimeharibu!" Sauti yake ilikuwa juu, na nyuma yake watu wanaimba.

"Amevunjika?"

"Hajavunjika. Yuko nje hapa, wamembeba, amependeza hata naogopa kumtazama. Nimeharibu mimi. Padre ameniita mbele nieleze safari ya Italia. Nikapanda. Nikawatazama. Nikasema, Italia sijafika."

"Mbele ya wote?" nikauliza.

"Nikawaambia mwili wake ni wa China. Kautengeneza fundi wa masimba, na mkewe asiyeona, na aliyewasimamia ni binti Mwislamu wa Unguja. Na kwamba nilimwosha mimi, kwa mikono yangu, kwa kuwa wote walijua lakini hakuna aliyenisikia nikisema."

"Padre je?"

"Ameinama kufunika uso. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, kasema hata mtume hakuwahi kuzungushwa hivyo. Halafu bibi mmoja akasimama kule nyuma, mkali huyo, ndiye aliyenipa jina la Mama Dobi. Nikajua leo nimekwisha. Akauliza kitu kimoja tu: huyo mama asiyeona anaitwa nani, tumwombee? Na mimi, mwanangu, aibu gani hii, nilikuwa namwita mama, mama, jina lake silijui. Wako hapa dirishani wananisubiri. Nitajie."

Nikamtajia. "Guihua."

Nilimsikia akiligeukia dirisha na kulipaza. Nje wakalipokea, sauti za akina mama wengi, kwanza ovyo, kisha pamoja, kila moja ikilivuta upande wake, na vigelegele vikapita katikati. Nikampa mke wa Luo mkono wa simu. Aliuweka sikioni, akasimama wima, macho yake meupe yakitazama barabara asiyoiona.

"Wanasema nini?" akauliza Luo.

"Wananiita."

Alisikiliza tena, akakunja uso kidogo. Guihua ni ua dogo la manjano lenye harufu nzuri, Guangzhou yote inalijua. Lakini Kichina husema kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na silabi ile ya kwanza ukiikosea kidogo haibaki kuwa ua. Inakuwa mzimu.

"Wananiita Ua la Mzimu," akasema.

Nikanyoosha mkono nichukue simu niwarekebishe. Akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo sikuzitegemea, na simu akaibana zaidi sikioni.

"Usiwaambie," akasema. "Wataacha."